Nyumba ya Vyumba Sita

Ikiwa una akiba ndogo na umeambiwa kuwa nyumba za kupangisha ni shughuli ya matajiri peke yao, itenge Jumapili moja uifuate Barabara ya Morogoro kutoka Kariakoo hadi Kibamba.

Hapo Kariakoo usiyashangae sana maghorofa. Mengi yamesimama juu ya viwanja vilivyobeba nyumba za chini za vyumba sita. Ukitaka kuziona nyumba za namna hiyo, vuka bonde la Jangwani ushuke Magomeni Mapipa, kisha uingie mitaa ya ndani. Mbele pana baraza. Ukumbi mmoja unapenya hadi uani. Vyumba vitatu viko kila upande. Na huko uani ndiko kwenye jiko, choo na bafu. Mwenye nyumba hulala katika chumba kimoja au viwili, vinavyosalia hupangisha. Serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, mwaka 1971, nyumba kama hizi kwa kawaida zilikuwa chini ya kiwango hicho, nazo zikabaki mikononi mwa wenyewe.

Usidhani zilijengwa kwa mkupuo. Mtu wa mshahara mdogo hununua mifuko ya saruji miwili mwezi huu, mmoja mwezi ujao, akafyatua tofali zake kiwanjani. Huweka msingi wa nyumba nzima, lakini huinua na kuezeka vyumba viwili tu. Kimoja huhamia yeye na jamaa yake, akaokoa kodi aliyokuwa akilipa kwingine; cha pili humpa mpangaji. Mpangaji huyo, kwa desturi ya Dar es Salaam, hutakiwa kulipa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kabla hajaingia, na fedha hiyo ndiyo inayonunua mabati ya chumba cha tatu. Kwa hakika mpangaji ni mkopeshaji asiyedai riba. Wenye nyumba wanaomfokea kwa sababu ya ndoo moja ya maji wangelikumbuka hilo.

Sasa litazame tena lile bonde ulilolivuka. Kiwanja cha bondeni huuzwa kwa bei nafuu, na sababu ni Mto Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa watu wengi humo, baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 nyumba zilizosalia zikachorwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na tingatinga likaanza kazi. Akiba ya miaka ishirini ilikwisha asubuhi moja.

Ukifika Manzese, utaona mtaa uliokua wenyewe kabla ya mipango miji kuufikia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliweka leseni ya makazi kwa wakaao maeneo ya namna hii. Ni haki ya muda mfupi, si sawa na hati ya miaka 33, 66 au 99, lakini ni bora kuliko kukaa mikono mitupu.

Kibamba ndiko wanakoanzia wengi siku hizi, kwa kuwa mashamba hukatwa vipande na kuuzwa. Kumbuka kuwa ardhi yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya kuitumia. Kabla hujatoa hata shilingi, nenda ofisi ya ardhi ya manispaa ukaulize kama kiwanja kimepimwa na kimeandikwa kwa jina la nani. Waulize majirani wa pande zote nne. Muhuri wa Serikali ya Mtaa huonyesha kuwa mlikubaliana. Haumfanyi muuzaji kuwa mmiliki. Na ikiwa kipo na nyumba ya familia, onana na mke au mume wa muuzaji, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza nyumba ya ndoa kuuzwa pasipo ridhaa ya mwenzi. Kesi nyingi huanzia hapo, na dalali hatakutajia.

Ukiwa njiani kurudi kituoni utapita nyumba ambayo vyumba vyake viwili vimeezekwa na nguo za watoto zimeanikwa mbele. Kuta za vile vinne vingine zimefika magotini, na ndani yake mwenyewe amepanda mahindi.