Uhura alisahau kila kitu, na sisi tukacheka

Sawa, kabla hujaanza kunicheka: ndio, Jumamosi usiku nilikaa naangalia Star Trek. Si hizi mpya, ile ya kitambo kabisa, yenye milango ya kufunguka kwa "shwii" na sayari zinazofanana kama mapacha. Tulikuwa watu sita sebuleni kwetu hapa Malindi, pamoja na Babu, na ile jioni hadi leo haijanitoka.

Mwenye makosa ni mimi. Nilikuwa natafuta kontenti kuhusu Ngomeni, nikaangukia habari ya setilaiti ya Uhuru. Kama hujui, basi jua leo: tarehe 12 Desemba 1970, Siku ya Jamhuri, kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco, hapo baharini mbele ya Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Wakaiita Uhuru kwa sababu ya siku yenyewe. Yaani sisi tunakwenda Ngomeni kula samaki, kumbe pale pana historia ya anga!

Nikitafuta "Uhuru", simu ikaniletea "Uhura". Ndiye afisa wa mawasiliano kwenye chombo cha Star Trek, na jina lake limetoka kwenye neno letu hilohilo. Aliyemwigiza ni Nichelle Nichols, Mmarekani mweusi, enzi ambazo mwanamke mweusi kwenye televisheni ya kwao mara nyingi alipewa kazi ya yaya. Halafu nikasoma kwamba kuna episodi Uhura anaongea Kiswahili. Hapo nikaita watu.

Episodi yenyewe inaitwa "The Changeling", ilionyeshwa Marekani tarehe 29 Septemba 1967. Miezi mitano tu kabla ya hapo, Aprili 1967, setilaiti ya kwanza ilikuwa imeruka kutoka San Marco. Wao wanaigiza anga, sisi tunaliona likitokea kwa mlango wa nyuma.

Hadithi kwa ufupi: kuna mashine inaitwa Nomad, inaingia chomboni, inamsikia Uhura akiimba, haielewi wimbo ni kitu gani, basi inamfuta akili yote. Anabaki hajui hata kusoma. Wanaanza kumfundisha upya kama mtoto wa nasari, yule mbwa, ule mpira. Akikwama, Kiswahili kinamtoka. Nesi anamwambia hapana, sema kwa Kiingereza.

Sebule ilipasuka. Dadangu alisema hicho ni Kiswahili cha mtalii aliyekaa Watamu wiki mbili. Rafiki yangu mmoja akasema vijana wa bichi wanaongea Kiitaliano kushinda hivyo. Mimi nilicheka hadi nikarudisha nyuma tuisikie tena.

Binamu yangu peke yake ndiye aliyekasirika. "Mnacheka nini? Si ni ile diski?" Kama hukusomea shule ya diski, una bahati. Kwetu, ukiongea Kiswahili au Kigiriama siku ya Kiingereza, unavishwa kibao shingoni, na unakivaa mpaka umnase mwenzako naye ateleze. Binamu alikivaa karibu darasa la nne lote. Kwake yeye nesi yule hakuwa anasaidia mtu, alikuwa mwalimu wa zamu.

Tukaanza kubishana. Na katikati ya mabishano, Babu akagonga mkono wa kiti.

Hapa lazima nieleze. Babu alipata kiharusi miezi minane iliyopita. Alikuwa mvuvi Ngomeni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kukutoa jasho, maneno mengine ulikuwa unaenda kuuliza maana. Alipoamka hospitali, kile Kiswahili hakikuwepo. Kilichobaki ni Kigiriama, nacho kidogo kidogo. Aliomba "madzi", na nesi alikuwa mgeni huku Pwani, hakumwelewa. Na mimi mjukuu wake, zaidi ya neno hilo na mengine machache, nilikuwa simwelewi pia. Tangu hapo tunamfundisha Kiswahili upya, kikombe, mlango, kiatu. Akikwama anarudi Kigiriama, na sisi tunamwambia hapana Babu, sema kwa Kiswahili.

Basi akagonga kiti, akanyoosha mkono wake mzima kuelekea skrini, akasema: "Mimi hiyo."

Hakuna aliyecheka tena.

Na mimi nilikuwa na sababu yangu ya kunyamaza. Kwenye simu yangu kulikuwa na video ya Babu akiita kiatu "kikombe", nimeweka muziki na vikatuni vya kucheka. Sikuwa nimeipandisha bado. Nilikuwa nangoja siku ambayo kurasa zimechangamka. Usiku ule niliifuta, halafu nikaenda kuifuta na kule kwenye takataka, manake najijua.

Sasa maoni yangu kuhusu episodi. Nimeipenda, lakini ina kosa moja kubwa, na mashabiki wake wamelilalamikia miaka na miaka: Uhura anafutwa akili yote, kisha daktari anasema baada ya wiki atarudi kazini, na kweli episodi inayofuata mambo ni kama kawaida. Hakuna anayemuuliza chochote. Wiki moja! Sisi tuko mwezi wa nane na bado tuko kwenye kikombe. Aliyeandika hajawahi kukaa na mtu anayetafuta neno huku machozi yanamlenga.

Lakini jambo moja walilipatia. Ukifutwa kila kitu, kile kinachobaki chini kabisa huenda kikawa lugha ya nyumbani. Sasa kama ni hivyo, nikifutwa mimi kesho, chini kutabaki nini? Sheng na manukuu ya TikTok?

Kwa hivyo tumebadilisha masomo. Jioni mimi namfundisha Babu maneno matano ya Kiswahili, yeye ananifundisha matano ya Kigiriama. Nikikosea matamshi ananicheka vibaya sana, na namwacha acheke. Ana deni la kunidai.