Tairi za Gari la Janaza

Gari letu la janaza, pikapu ya msikiti, hushika lami ya Korogwe hadi Tanga karibu kila juma kufuata maiti hospitalini. Tope hulikuta masika tu, njia ya makaburini. Vijana wa kamati walitaka tairi za kashata kubwa. Tulizikataa. Topeni hazina mfano; juu ya lami hunguruma, hula mafuta, huisha upesi, na lami ikilowa breki huchelewa kushika, ilhali nyuma wameketi wazee kando ya jeneza. Tulichagua za kashata za wastani, zifaazo lami na vumbi. Kisha tuliinama kusoma tarakimu nne za ubavuni: 1224, yaani juma la 12, mwaka 2024. Zilizoandikwa 0816 tulizirudisha, japo hazijawahi kukanyaga barabara.