Ua wa Dada Wangu Wangoja Baridi

Mtu akitaja jangwa, twawaza mara moja mchanga na jua kali. Nami niliwaza hivyo, mpaka nilipokwenda kumtembelea dada yangu mkubwa katika mji wa Tucson, jimbo la Arizona, kusini-magharibi ya Marekani. Wakongo wengi waliokimbia vita wamepata makao huko, na dada ni mmoja wao. Nilifika mwanzo wa mwezi wa kumi na moja. Mchana jua lilikuwa la kupendeza, lakini dada hakuniacha nipumzike.

«Mdogo wangu,» akaniambia, «tuna kazi uani. Mwaka jana usiku mmoja tu ulinimalizia shamba.»

Nyuma ya nyumba yake pana ua mdogo wenye ukuta wa matofali. Humo amepanda mihogo kwa ajili ya sombe, pamoja na matembele na mlimau mmoja. Usiku ule wa mwaka uliotangulia baridi ilishuka chini ya sifuri, na asubuhi majani yote yalikuwa meusi, yamelegea kama yaliyochemshwa. Hasara ya majani si kitu. Hasara kubwa ilikuwa miti ya mihogo, kwa maana ndiyo mbegu yenyewe. Ilipokufa, dada hakuwa na cha kupanda tena. Akasafiri mpaka Phoenix, mwendo wa kilometa 180 hivi, kuomba vipande vitatu kwa jamaa aliye huko.

Pengine mtauliza: nchi ambayo joto lake la mwezi wa sita hupita digrii 40 yapataje jalidi, yaani umande ulioganda? Sababu ni ukavu wake. Mawingu na unyevu wa hewa ni kama blanketi la ardhi. Kwetu blanketi hilo ni zito. Jangwani ni jepesi mno. Jua likizama, joto la mchana larudi juu angani bila kizuizi. Kisha hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, yashuka na kukaa mabondeni. Tarehe 3 Februari 2011 mji huo uliona karibu digrii 8 chini ya sifuri, na mimea mingi ya nchi za joto ikafa.

Wenyeji wa kale waliyajua hayo. Katika bonde la Tucson watu wamelima kwa zaidi ya miaka 4,000. Kabila la O'odham walipanda mahindi, maharagwe na maboga, mazao ambayo jalidi huyaua. Padri Eusebio Kino, Mjesuiti, aliyeanzisha misioni ya San Xavier del Bac mwaka 1692, aliwaletea ngano. Ngano hupandwa baridi inapoanza, na huvunwa kabla ya joto kali, wakati ghala ya mahindi imepungua. Hivyo majira yaliyokuwa ya njaa yakapata zao lake. Chini ya kilima cha Sentinel Peak ipo bustani iitwayo Mission Garden, ambamo mbegu hizo za zamani zalimwa hata leo. Niliitembelea, nikafahamu ya kuwa katika nchi ile kujitayarisha kwa baridi ni kazi mbili: kuwakinga wageni wa nchi za joto, na kupanda wale wapendao baridi.

Tukaanza. Dada alikuwa ameacha kutia mbolea tangu mwezi wa tisa, kwa sababu majani machanga ndiyo yafayo kwanza. Tulikata miti ya mihogo iliyo bora, tukaifunga katika gunia na kuiingiza chumbani. Mashina yaliyobaki tuliyafunika kwa majani makavu. Vipande vya matembele tulivitia katika makopo karibu na dirisha. Mabomba ya maji yaliyo nje tuliyavika nguo nene, yasipasuke. Kisha tukapanda karoti, vitunguu, spinachi na njegere, mazao yasiyoogopa ubaridi wa kadiri.

Mlimau ulitutia wasiwasi, kwa kuwa milimau na midimu ni dhaifu kuliko michungwa. Jirani mmoja, mama mzee mwenyeji wa pale, alitufundisha mambo matatu. Kwanza, kumwagilia udongo kabla ya usiku wa hatari, maana udongo wenye maji huweka joto la mchana kuliko udongo mkavu. Pili, kufunika mti kwa mashuka yanayofika mpaka chini, ili joto la ardhi lisitoroke. Wala si kwa plastiki inayogusa majani. Tatu, kuondoa mashuka asubuhi, jua lipate kuipasha ardhi joto tena.

Mwisho wa mwezi ule hatari ilitangazwa. Mbingu zilikuwa safi, wala upepo haukuvuma. Tulifunika mlimau jioni kwa mwanga wa taa, na usiku dada aliamka mara tatu kutazama kipima-joto. Alfajiri kilionyesha digrii 2 chini ya sifuri. Mashuka yalikuwa magumu kama ngozi kavu, lakini chini yake majani yalikuwa mabichi. Upande mmoja tu shuka halikufika chini, na matawi ya upande huo yakanyauka. Dada akashika panga ayakate. Mama mzee akamzuia: «Ngoja mpaka baridi iishe. Matawi yaliyokufa huyakinga yaliyo hai.»

Nilirudi nyumbani kabla ya Noeli. Mwezi wa nne dada alinipigia simu: mlimau ulikuwa umechipuka, na vipande vya mihogo, vilivyopandwa baada ya jalidi kwisha, vilikuwa vimetoa majani. Nilimwuliza kama sombe ya kwanza imekwisha kupikwa. «Bado,» akajibu. «Kwanza nimepeleka vipande vitatu Phoenix. Jamaa yangu hakuikinga mihogo yake mwaka huu.»

Wazee husema: tahadhari kabla ya hatari. Naongeza neno moja tu: mwenye kutunza mbegu yake amemtunza na jirani.