Nzururu ya upande wa pili

Ndugu zetu wa kikundi, kuna waliotuuliza kama ni kweli Uganda kuna theluji. Ipo. Na sisi tuliotoka Mutwanga, upande wa Kongo, tumekua chini yake. Kwa Kinande wanaiita nzururu, na Lukonzo cha huku Kasese ni hivyohivyo, maana lugha hizo ni kama moja. Asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, ulikuwa unatoka nje kunawa uso unaiona kule juu, nyeupe, halafu unaendelea na kazi yako. Hatuna hata picha moja ya wakati ule. Nani anapiga picha kitu anachokiona kila siku?

Sasa wengine wetu tunajitolea kambini Rwamwanja, wengine wako kwa ndugu Bwera, na mama mdogo anakaa Katwe, anauzia muhogo watu wa chumvi. Katwe ni joto bwana. Watu wanaingia kwenye maji ya ziwa tangu alfajiri, chumvi inawakula ngozi ya miguu, jua linawapiga kichwani, na siku hewa ikiwa safi wanainua macho wanaona mlima wenye barafu. Binamu yetu aliyepelekwa Canada alitutumia video anatembea juu ya theluji na watoto wake, amefunga viatu vipana kama ungo ili asizame, anatucheka eti sisi hatujui baridi. Koko aliiangalia mara mbili akasema: "Mwambieni aache majivuno. Mimi nimezaliwa chini ya nzururu."

Hapo ndipo safari ilipoanzia. Likizo ya Krismasi tulikuwa Katwe watu tisa, ndugu na marafiki, tukasema twende tuiangalie kwa karibu. Si kufika juu, tusidanganyane. Kilele cha Margherita kiko mita 5,109, ni safari ya karibu wiki nzima, na kuna pesa ya hifadhi, ya viongozi, ya wapagazi, ya kukodi vifaa. Hiyo hatuna. Lakini tuko na rafiki mmoja Mkonzo ambaye amebeba mizigo ya watalii miaka kadhaa, akatuambia kuna njia ya vilima nje ya hifadhi, juu ya Nyakalengija, ambayo hata mtoto anaiweza.

Tukapanda teksi mpaka Kasese, halafu boda, wawili wawili, mpaka mwisho wa barabara. Kumbuka kwamba theluji yetu haina msimu wake kama ya Canada. Watu wengi wanapenda kupanda kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili kwa sababu mvua inapungua. Tunasema inapungua, haikatiki. Gambuti ndiyo kiatu cha mlima huu, si kitu kingine. Mmoja wetu alivaa raba nyeupe za Krismasi, na tulipofika mto Mubuku zilikuwa tayari rangi ya udongo.

Njia inapita kwenye migomba na kahawa, halafu inasimama wima kabisa. Vijana walitaka koko abaki kwa wenyeji anywe chai. Alikataa. "Nilitembea mpaka Kasindi na mjukuu mgongoni, sasa kilima hiki mnaniogopeshea nini?" Basi tukaenda kwa mwendo wake. Hakuna aliyelalamika, maana hata sisi vijana pumzi zilikuwa zinatafutwa.

Njiani rafiki yetu alitusimulia ya juu. Kwanza msitu, halafu mianzi, halafu matope yanayomeza gambuti, halafu mimea kama kabichi kubwa yenye shina, inayomzidi mtu urefu. Mwisho unafunga meno ya chuma chini ya viatu, mnaungana kwa kamba, mnakanyaga barafu. Anasema barafu imerudi nyuma sana tangu aanze kazi, na vipimo vinamuunga mkono: Mtaliano, Duke wa Abruzzi, alipopanda mwaka 1906, barafu ya Rwenzori ilikuwa zaidi ya kilomita za mraba 6. Ilipopimwa mwaka 2003 haikufika hata 1. Wazee wa Kikonzo wanasema Kithasamba anakaa humo ndani ya theluji. Mdogo wetu wa miaka kumi akauliza, ikiisha atahamia wapi? "Naye atakuwa mkimbizi," koko akajibu, na tulicheka mpaka tukakaa chini.

Tulifika kwenye mgongo wa kilima kama saa nne. Mawingu tu. Tukala chapati na mayai, tukasubiri, baridi ikaanza kuingia, wengine wakasema tushuke. Halafu wingu likafunguka upande mmoja, kwa muda wa kuchemsha chai hivi, na tukaona ule weupe, mwembamba, mbali bado, kama mtu amepaka chokaa juu ya jiwe. Wote tulinyamaza. Koko aliangalia kwa muda mrefu. "Huu ni mgongo wake," akasema. "Uso uko kwetu."

Mama mdogo hakusema kitu juu ya theluji. Baba mdogo alibaki kule kulinda kakao, kwa sababu ndiyo ada ya shule ya watoto, na wote tunajua wakati wa kuvuna kakao ndio wakati wa kuuawa mashambani. Simu yake haipatikani tangu katikati ya mwezi wa kumi na moja. Mama mdogo alimuuliza rafiki yetu kama kuna njia ya kupita juu ya mlima mpaka Mutwanga. Alimjibu kwa Lukonzo, polepole, na hakuuliza tena. Koko alimshika mkono, wakashuka pamoja mbele yetu.

Jioni Kasese tulipopata mtandao tukatuma picha ya ule weupe kwenye namba ya baba mdogo, na ujumbe kwamba tumeuona mlima kutoka huku, naye auangalie kutoka kule. Mpaka tunapoandika hii, ina tiki moja.