Dola Milioni 41 Hazikuiokoa. Picha Zako Je?

Mchimbaji wa Saza, kule wilayani Songwe, hahitaji darasa kuielewa stori hii. Anajua duara linaweza kupata tajiri, pampu na vijana wenye nguvu, halafu likatoa mawe matupu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Color, programu ya kushea picha kwa simu iliyozinduliwa Marekani Machi 2011.

Kabla hata watu hawajaigusa, wawekezaji, Sequoia Capital wakiwemo, walishaimwagia dola milioni 41. Mwanzilishi wake, Bill Nguyen, hakuwa mgeni kwenye game: kampuni yake ya muziki, Lala, ilinunuliwa na Apple mwaka 2009. Wazo la Color lilikuwa hivi: ukipiga picha, kila mwenye programu hiyo aliye karibu nawe anaiona papo hapo. Hakuna kuombana urafiki, hakuna kufuatana.

Kwenye harusi ingenoga. Ila mtu aliyeifungua akiwa peke yake alikuta patupu, maana jirani yake hana. Wengi wakaachana nayo. Baadaye ikageuzwa kuwa ya video kupitia Facebook, wapi! Mwisho wa 2012 ikazimwa.

Kipindi hichohicho Instagram, iliyoanza Oktoba 2010, ilikuwa inapaa. Kevin Systrom na Mike Krieger walianza na programu nyingine, Burbn, yenye mambo kibao, wakapunguza mpaka ikabaki picha, like na komenti. Aprili 2012 Facebook ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni 1, na wafanyakazi wake walikuwa 13 tu. Color ilitaka mwenzako awe pembeni yako. Instagram ilikufikisha kwa aliye mbali, na aliye mbali ndiye anayeisubiri picha yako.

Hilo dada mmoja wa Saza, jina kapuni, analijua vizuri. Kaka yake alikuwa mtu wa maduara na mtu wa Insta kwelikweli. Akipata anaposti, akikosa anaposti, na ndugu walioko Tunduma wanajua yu mzima. Siku duara lilipomfukia simu ilikuwa mfukoni, na neno la siri akaondoka nalo. Nyumbani hakukuwa na picha yake hata moja ya karatasi. Msibani, mbele ya jeneza, mtu alishika simu ya jirani ikiwa imewashwa.

Ukurasa bado upo. Dada akipata bando anaingia, anamwona kaka anacheka kajaa vumbi la karasha, anamwonyesha mama. Siku moja mama akauliza, "Sasa mwanangu atakaa humo mpaka lini?"

Hakuna aliyemjibu. Color ilikuwa na hela ambazo Saza nzima ingeshangaa, na haikufikisha miaka miwili.

Dada akapiga screenshot tatu, akapanda bodaboda hadi Mkwajuni kuzisafisha studio. Fundi akamwambia zitatoka na ukungu kidogo. Akalipa hivyohivyo. Mama alipoipokea ya kwanza aliifuta kwa kanga, akaitazama sana, akasema, "Ndiye."

Mdau, simu yako ina picha elfu ngapi? Chagua tatu za watu wako, kasafishe.