Jiju na Bosi, kifuku cha 2024

Jumapili, 14 Januari. Nachingwea
Mjomba ameshuka na bodaboda toka Ruangwa, tenga limefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu. Nilimwomba mbwa mmoja, kaleta wawili wa mama mmoja. "Mmoja atakulilia usiku, mpwa wangu. Wawili watabembelezana." Mwenye doa jeupe kifuani kamwita Watajiju, kwa kifupi Jiju, ili majirani wenye maneno wasikie kila jioni nikimwita. Mwingine ni Bosi.

Mama kachungulia tenga, kasema malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Mjomba kamjibu kwamba mbwa wa kulinda shamba ana ruhusa yake. Sawa, ila ruhusa haifui kanga. Mate ya mbwa kwetu Washafii ni maji mara saba, mojawapo kwa udongo, kwa hiyo nimetenga kanga kuukuu ya kuwashikia na ndoo yake nyuma ya jiko, karibu na banda lao.

Alhamisi, 25 Januari
Kweli hawalii usiku. Lakini hawana haja na mimi. Nikiingia bandani wanainua vichwa, wakiona sikuja na chakula wanarudi kung'atana masikio. Mtoto wa mbwa akiwa peke yake hufuata miguu ya watu. Hawa wana miguu minane yao wenyewe, ya kwangu ya nini?

Bwana mifugo kaniambia kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo mbwa anapojifunza nani ni wa kwao. "Wakipita hapo wanajuana wao kwa wao. Utakuwa umefuga genge." Kuanzia leo kila mmoja na banda lake na kopo lake.

Jumamosi, 3 Februari
Asubuhi zamu ya Bosi, jioni ya Jiju. Asiye na zamu anafungiwa asikoona. Nachuchumaa na kichwa cha dagaa ndani ya ngumi. Ananusa, analamba, anakwaruza vidole. Sifungui. Anakaa kitako, anachoka, anainua macho kunitazama, na hapo hapo nalitaja jina lake, ngumi inafunguka. Bosi leo ameelewa kabla dagaa hawajaisha.

Jiju ndiye kazi. Wakiwa pamoja anatangulia yeye kila mahali. Peke yake, hata kuku mwenye vifaranga anamkimbiza. Dagaa yuko puani pake, masikio yako kwa Bosi anayelia nyuma ya jiko.

Jumamosi, 24 Februari
Wametimiza miezi mitatu, wamechanjwa kichaa cha mbwa. Mama jirani amerudi kunisalimia. Tangu wiki iliyopita alikuwa amenuna, mwanawe alipokwaruzwa na meno ya Bosi wakicheza. Tulimwosha kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka, robo saa kamili, mtoto analia kama anachinjwa, kisha hospitali siku ile ile. Huku kusini kichaa hakifanyiwi mzaha. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Lindi na Mtwara zilikuwa ndani ya mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kukitokomeza, na ile foleni ya mbwa, kila mmoja na kipande chake cha kamba, bado naikumbuka.

Jumamosi, 16 Machi
Ramadhani. Bosi namtembeza kabla ya futari kwenye njia ya zamani ya reli ya karanga, ile ya Waingereza, waliyoileta na mradi wao miaka ya 1940 karanga zikagoma kuota kwa wingi waliouahidi. Anatembea vizuri, akiitwa anageuka.

Usiku wapiga ngoma ya daku walipopita, Bosi kabweka kidogo akanyamaza. Jiju kachimba chini ya mlango hadi makucha yakatoka damu, anamtafuta ndugu yake. Basi. Jiju anakwenda Ruangwa baada ya Idi. Akibaki hapa atakuwa kivuli cha Bosi mpaka uzee.

Jumamosi, 13 Aprili. Ruangwa
Kondakta alikataa tenga, bodaboda akalitoza nauli ya abiria mzima.
"Shikamoo mjomba."
"Marahaba. Zawadi inarudishwa?"
Nikamweleza kwamba sijarudisha kitu, nimemletea mlinzi. Mahindi yake ngedere wanayala mchana, usiku nguruwe pori wanafukua muhogo. Nimemwachia mjomba mfuko wa dagaa na maelekezo ya ngumi. Dagaa aliwapokea kwa furaha kuliko maelekezo.

Jumamosi, 11 Mei. Ruangwa
Nimekuja na Bosi kusaidia kuvuna. Walizungukana, wakanusana, kisha wakatimua mbio kwenye mabua hadi nikadhani kazi yote imekwenda na maji. Mjomba akapiga mluzi mmoja. Jiju akamwacha nduguye pale pale, akaenda kukaa chini ya dungu. Nilipoita "Bosi!" naye alikuja, mkononi sina hata kichwa cha dagaa.

Sasa mjomba anataka niwaache wote wawili. Tumebishana hadi chai ikapoa. Nimekubali Bosi aje Oktoba, ngedere wanaposhukia mabibo kwenye mikorosho, na alale dungu la upande wa pili, mbali na Jiju. Mjomba hana dungu la pili. Amesema atajenga.