Pumwani kwa Shangazi, na Miji ya Kwenda na Kurudi

Kila ikaribiapo likizo ya Agosti, wazazi wengi hutuuliza wawapeleke wapi watoto wao, ambao bahari wameizoea na ufuo wameuchoka. Jawabu letu la juma hili twalitoa katika safari yetu wenyewe. Tulitoka Mambrui watu watano, sisi na mama watoto pamoja na watoto watatu, tukafanya makao yetu katika mtaa wa Pumwani, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi. Tulikaa huko siku tisa, na kutoka hapo tukawa tukienda miji ya jirani asubuhi na kurudi kabla ya Magharibi.

Kabla ya kuieleza miji hiyo, yatupasa tukiri jambo. Katika Majengo ya Pumwani anaishi shangazi yetu, dada wa marehemu baba, aliyetoka Mambrui akiwa bi harusi kabla sisi hatujazaliwa. Kwa zaidi ya miaka ishirini tumepita Nairobi mara nyingi: kwa mambo ya pasipoti, kwa mikutano, na kwa safari ya Hija. Kila mara tulilala katika hoteli za Eastleigh, mahali ambapo mtu akitoka kwa miguu hufika mlangoni pa shangazi kabla hajachoka. Tulikuwa tukimpigia simu tukisharudi nyumbani, tukimwambia kwamba muda ulikuwa mchache. Na hata safari hii hatukwenda kwa ajili yake. Tulihesabu gharama ya hoteli kwa watu watano, tukaona haibebeki, ndipo tukamkumbuka.

Alipotufungulia mlango hakutulaumu. Tulimpa shikamoo, akaitika marahaba, kisha akatushika uso kwa mikono miwili, kwani macho yake yamepungua. Akasema, "Umekuwa baba yako mtupu." Chumba alikuwa amekwisha kutandika, na mahamri na mbaazi zilikuwa mezani. Usiku ule, watoto walipokuwa wakijifunika mablanketi mawili mawili kwa baridi ya Agosti wasiyoizoea, mwanetu wa miaka kumi aliuliza, "Baba, bibi amehamia huku mwaka huu?" Tukamwambia la, amekaa hapa zaidi ya miaka hamsini. Hakuuliza tena. Kimya chake kilituuma kuliko lawama ambazo shangazi hakuzitoa.

Mtu wa pwani akifika mitaa ya mashariki ya Nairobi hajioni mgeni sana, maana majina ya huko ni ya kwetu. Kuna Majengo, kuna Kaloleni, kuna Makadara, kuna Ziwani na Pangani. Hayo hayakutokea kwa sadfa. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, wachukuzi, wafanyabiashara na mafundi Waislamu walijenga vijiji vyao pembezoni mwa mji, na kimoja katika hivyo kiliitwa Mombasa. Serikali ya kikoloni ilivibomoa kimoja baada ya kimoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ilifungua Pumwani ili iwe makao rasmi ya Waafrika, na watu wa vijiji hivyo wakahamishiwa huko. Pangani ya zamani ndiyo iliyobaki mwisho, nayo ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wengi wa watu wake wakapelekwa Shauri Moyo. Soko la Kariokor hata leo lina jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Nyumba za zamani za Majengo zimejengwa kwa ramani tunayoijua: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Wengi katika wenye nyumba hizo walikuwa wanawake, waliopangisha chumba kimoja kimoja na kusomesha watoto wao kwa kodi hiyo. Shangazi ni mmoja wa waliofuata nyayo hizo.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa Thika, mji ulio kilomita zipatazo 40 kaskazini-mashariki. Tuliondoka baada ya kifungua kinywa, tukapanda matatu Pangani, na kwa ile barabara kuu ya njia nyingi iliyofunguliwa mwaka 2012 hatukuchukua hata saa moja. Mjini Thika mna maporomoko mawili yanayopakana, la mto Chania na la mto Thika, na katikati yake ipo hoteli kongwe ya Blue Posts, iliyojengwa mwaka 1908. Mgeni huweza kunywa chai bustanini huku akisikia maji. Kutoka hapo tulishika njia ya Garissa, tukapita mashamba ya mananasi yasiyoonekana mwisho, hadi chini ya mlima uitwao Kilimambogo, ambao Wamaasai huuita Ol Donyo Sabuk. Hapo mto Athi hujigawa katika mikondo mingi na kuanguka kwa pamoja. Mahali hapo pamepewa jina la Maporomoko Kumi na Manne.

Watoto walifurahi, lakini binti yetu mkubwa aliona povu jeupe likielea chini ya maporomoko, na harufu isiyokuwa ya mto. Akauliza maji haya yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Tukamweleza, na katika kumweleza tukajifunza sisi. Mto Nairobi, unaopita nyuma ya soko la Gikomba karibu kabisa na nyumba ya shangazi, ukichukua taka za jiji, huingia katika Athi. Athi huteremka hadi Tsavo, na baada ya kuungana na mto Tsavo huitwa Galana. Ukikaribia bahari huitwa Sabaki, nao ndio tunaouvuka darajani kila tutokapo Mambrui kwenda Malindi. Na ule mto wa Chania tuliounywea chai asubuhi huingia mto Thika, na Thika huingia Tana, ambayo humwaga maji yake baharini upande wa Kipini. Kwa siku moja, basi, tulikuwa tumeiona mito miwili ya pwani yetu ikiwa bado michanga.

Jioni tulimsimulia shangazi haya yote. Alisikiliza huku akimenya vitunguu saumu, akacheka kidogo, akasema, "Basi maji ya huku yanakuja kwenu kila siku bila kualikwa. Nyinyi ndio hamji huku." Alisema kwa utani, na sote tukacheka. Lakini usingizi siku ile ulichelewa kutujia.

Hapa tujibu suala ambalo wasomaji wetu hawatakosa kuuliza, juu ya Sala. Katika madhehebu yetu ya Shafi, msafiri hupunguza Sala katika safari ya marhala mbili, nazo hukadiriwa kuwa zaidi ya kilomita 80. Kwa hiyo njiani kutoka Mambrui hadi Nairobi tulikuwa na ruhusa hiyo. Lakini anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, huwa mkaazi tangu afikapo. Sisi tulinuia tisa, hivyo Pumwani tulisali Sala kamili. Na kutoka hapo kwenda Thika au Machakos hakufikii masafa, kwa hiyo huko nako tulisali kamili. Naivasha, iliyo karibu kilomita 90, ina hukumu nyingine.

Naivasha ndiyo iliyokuwa katika mpango wetu wa safari ya pili. Watoto walikwisha kuambiwa habari za ziwa na viboko. Lakini usiku wa kuamkia siku hiyo shangazi alimwita mama watoto jikoni, akamuuliza kama haitakuwa taabu, safari moja, kwenda Machakos badala ya huko, na kama katika gari patakuwa na nafasi yake.

Sisi tulikuwa hatujui kwamba kabla ya Pumwani aliwahi kukaa Machakos. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa duka huko katika miaka yao miwili ya mwanzo ya ndoa. Huko walipata mtoto wa kwanza, wa kiume, na huko walimzika akiwa na miezi saba. Kisha wakahamia Nairobi. "Kila mwaka nilisema mwaka huu nitakwenda," alimwambia mama watoto. "Mara baba yao ana kazi, mara watoto wana homa. Kisha yeye akafa, watoto wakaenda zao, na mimi macho yakaniacha." Habari hizi baba yetu hakutusimulia, au alitusimulia nasi hatukusikiliza.

Naivasha tukaiacha. Asubuhi tulitembea taratibu hadi kituo kikubwa cha mabasi ambacho wenyeji hukiita Machakos mpaka leo, kikiwa hapo hapo jirani. Dereva alipomwona shangazi alimpisha kiti cha mbele bila kuombwa. Machakos ipo kilomita zisizopungua 60 kusini-mashariki ya Nairobi, katikati ya milima ya Wakamba, na jina lake limetokana na Masaku, mkuu wa Wakamba wa zamani. Misafara ya pwani ilipita huko kabla ya reli, na Waingereza nao walikaa hapo kwanza. Makao yao ya utawala wa bara yalikuwa Machakos, si Nairobi, hadi reli ilipopita mbali na mji huo na serikali ikahamia Nairobi mwaka 1899. Mji umebaki mtulivu, una miti mingi na hewa safi, na msikiti wake u ndani ya mji. Tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na watoto ambao nyumbani hukataa maharagwe waliomba tena.

Baada ya Adhuhuri tulikwenda makaburi ya Waislamu. Shangazi alikaa nje ya uzio chini ya mti, pamoja na mama watoto, nasi tukaingia na mzee anayepatunza. Alituonyesha upande wa zamani. Makaburi mengi hayakuwa na maandishi, na ya watoto yalikuwa yamekwisha kulingana na ardhi. Tulizunguka muda mrefu tukitafuta tusichoweza kukijua, kisha tukasimama tukawaombea wote waliolala pale. Tukarudi kwake tukasema, "Shangazi, hatukulitambua kaburi."

Akasema, "Mungu analitambua. Mimi nilitaka nifike tu."

Akainua mikono akaomba, na sauti yake haikutetemeka. Alipomaliza alimwita mwanetu wa miaka kumi akae karibu naye, akamwambia jina la yule mtoto, na akamwambia kwamba angekuwa hai angekuwa ami yake, mwenye mvi. Mwanetu akalirudia jina lile mara mbili ili asilisahau.

Tukiwa pale tulifikiri juu ya hesabu ya njia. Yeye alishindwa na kilomita 60 kwa miaka mingi, na udhuru wake ulikuwa wazi. Sisi tulishindwa na kilomita moja, kutoka hotelini hadi mlangoni pake, na udhuru hatukuwa nao.

Kabla ya kurudi tulikodi teksi hadi Kyamwilu, nje kidogo ya mji, penye kipande cha barabara ambapo maji yakimwagwa huonekana yakipanda kilima. Ukweli ni kwamba miteremko iliyozunguka pale hulidanganya jicho, na panapoonekana ni juu ndipo chini. Watoto walimaliza chupa mbili za maji kwa kujaribu. Shangazi, asiyeweza kuona vizuri, aliwataka wamweleze kila hatua, akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Tulirudi Pumwani jua likizama, naye amelala kiti cha mbele.

Kwa atakayetaka kufuata njia hii, nasaha zetu ni chache. Mwezi wa Agosti chukua sweta, kwani asubuhi za Nairobi si za kwetu. Ondoka mapema ili uepuke msongamano wa jioni. Katika maporomoko, usiwaache watoto wakanyage mawe yenye maji, wala usiwaruhusu kuoga. Na kabla ya kuulizia bei ya hoteli, uliza kwanza ni nani katika aila yako anayeishi mji ule. Mwambie mapema, mchukulie kitu kutoka nyumbani, na unapopanga matembezi muulize yeye pia angependa kwenda wapi. Huenda kuna mahali alipotamani kufika miaka mingi, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Siku ya kurudi, tulipovuka daraja la Sabaki, maji yalikuwa ya rangi ya udongo kama kawaida yake. Watoto waliyatazama kwa makini kuliko siku zote. Shangazi amekubali kuja Mambrui Disemba hii, inshaallah. Safari hii tutakwenda kumchukua wenyewe.